Kijana wa mpira si ng'ombe wa mnada: mtaji mdogo unavyoweza kuzaa Kewanja

Katika kijiji cha Kewanja, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, mfanyabiashara mdogo amezoea kulipima soko kwa vitu vitatu: bei ya dhahabu, mavuno ya mahindi na mnada wa ng'ombe. Kipo cha nne ambacho sasa hakipuuziki, nacho ni mpira wa miguu.

Kwa miaka mingi mpira ulihesabiwa kuwa starehe ya jioni. Leo ni soko. Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilitia saini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, yaani wastani wa zaidi ya Sh bilioni 22 kwa mwaka. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali hiyo hiyo. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa pamoja wa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na Agosti 2025 nchi hizo hizo zikaandaa michuano ya CHAN.

Fedha hizo kubwa hazishuki moja kwa moja hadi kijijini, lakini kivuli chake kinafika. Siku Simba na Yanga zinapokutana, kibanda umiza hujaa, muuza soda humaliza kreti, fundi cherehani hupata kazi ya jezi na bodaboda huzunguka hadi usiku. Kombe la ndondo ambalo zawadi yake ni mbuzi au ng'ombe huvuta watu kutoka vijiji vya jirani, na kila mtu huyo hula, hunywa na hununua vocha.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wenye mitaji midogo wanaulizana: je, mtu anaweza kuweka fedha kwa kijana mwenye kipaji, akavuna baadaye? Jibu ni ndiyo, ila si kwa njia ambayo wengi wanaifikiria. Anayemharakisha kijana hupoteza mtaji na kijana kwa pamoja.

Mchezaji hauzwi kwa hisa

Tuanze na lisiloruhusiwa. Wapo wanaodhani wanaweza kumnunulia kijana daluga, kumlipia nauli ya majaribio, kisha wakaandikishiana na baba yake kwamba siku akiuzwa wao watachukua nusu. Karatasi hiyo haina nguvu katika mpira. Tangu Mei 1, 2015, FIFA imepiga marufuku mtu au kampuni isiyokuwa klabu kumiliki sehemu ya haki za uhamisho wa mchezaji. Klabu itakayokubali mpango huo inaweza kuadhibiwa, na mfanyabiashara aliyetoa fedha hana pa kushitaki ndani ya mfumo wa mpira.

Njia iliyo wazi ni kupitia klabu au kituo cha kulea vijana. Fedha zako ziingie huko, na haki za malezi ziwe za klabu hiyo. Mfanyabiashara anaweza kuwa mwanachama, mfadhili au kiongozi wa klabu, lakini anayedai ni klabu.

Fedha zinavyorudi

Kanuni za FIFA zinatambua malipo ya aina mbili kwa waliomlea mchezaji.

La kwanza ni fidia ya mafunzo. Hii hulipwa pale mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine, na pia katika uhamisho wa kimataifa unaofuata hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23.

La pili ni mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi mwaka aliotimiza miaka 23. Kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, klabu hupata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23, hupata asilimia 0.5.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Klabu ya kijiji imemlea kijana tangu mwaka wa miaka 13 hadi wa miaka 17. Miaka mitatu ya kwanza ni asilimia 0.75, miwili ya mwisho ni asilimia 1, jumla asilimia 1.75. Kijana huyo akiuzwa baadaye kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa dola 400,000, klabu ya kijiji inastahili dola 7,000. Akiuzwa tena nje ya nchi, hesabu inaanza upya na klabu inalipwa tena.

Msomaji atambue kwamba uhamisho kati ya klabu mbili za Tanzania hauingii katika hesabu hii kwa klabu ya Tanzania. Huko hutegemea kanuni za TFF na mkataba mliouandika wakati wa kumwachia kijana. Kwa hiyo siku klabu kubwa ya Mwanza au Dar es Salaam inapokuja kumchukua, msikubali maneno ya mdomo. Andikeni.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya malipo ya FIFA iliyopo Paris. Ofisi hiyo huangalia rekodi za usajili, hukagua nyaraka, ndipo hutuma fedha. Klabu inatakiwa iwe na akaunti ya benki kwa jina lake. Simu ya mwenyekiti si akaunti.

Kitabu cha usajili ni hati ya mali

Mpaka hapa utaona kwamba kinacholipwa ni rekodi. Kijana anaweza kuwa amekulia kwenye uwanja wenu miaka mitano, lakini kama jina lake halimo katika usajili, mbele ya karani hamkumlea.

Klabu isajiliwe kwa Msajili wa michezo kupitia ofisi ya michezo ya wilaya, kisha ijiunge na chama cha mpira cha wilaya na cha mkoa, na wachezaji wake waingizwe katika mfumo wa TFF. Kila mwaka. Nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha, ridhaa ya mzazi na tarehe ya kuanza na kuondoka vihifadhiwe. Mwenye duka anayetunza daftari la madeni anaijua kazi hii.

Mbwana Samatta ni mfano wa ngazi hizo. Alipitia Mbagala Market, iliyokuja kuitwa African Lyon, akaenda Simba, mwaka 2011 akahamia TP Mazembe ya Lubumbashi, Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji na Januari 2020 akawa mali ya Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kila ngazi iliacha alama katika rekodi zake.

Kijeba ni fedha bandia

Hakuna kinachoharibu soko hili kama umri wa uongo. Kijana wa miaka 18 akiwekwa katika timu ya miaka 14 atafunga mabao, timu itachukua mbuzi na mfadhili atafurahi. Lakini ile hesabu ya miaka 12 hadi 23 imejengwa juu ya tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ikiwa ya uongo, mali yote ni ya uongo.

Taifa limelionja hilo pande zote mbili. Mwaka 2005 timu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilienguliwa katika fainali za Afrika kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 mambo yaligeuka: Congo Brazzaville, iliyokuwa imewatoa vijana wetu, ilienguliwa baada ya mchezaji wake kutofika kwenye kipimo cha umri, na Serengeti Boys ikaenda Gabon. Kipimo chenyewe ni picha ya mfupa wa kiganja, na FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana la 2009. Mfupa hauhongwi.

Kwa mtoto mwenyewe kijeba ni hatari zaidi. Mvulana wa miaka 13 anayegongana na mwanamume aliyekomaa ndiye anayevunjika.

Mpaka wa Sirari na madalali

Wakazi wa Tarime wanafahamu kwamba soko la Kenya liko karibu. Vijana huvuka Sirari kwenda kucheza Isebania na Migori kama wafanyabiashara wanavyovuka na mahindi. Mpira una sheria yake ya mpaka.

Mchezaji haruhusiwi kusajiliwa nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Kuna misamaha michache, na mmoja unawahusu watu wa hapa: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya upande wa pili iliyo pia ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, mradi umbali kati ya nyumba na klabu usizidi kilomita 100, aendelee kuishi kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Kewanja imo ndani ya umbali huo. Lakini yule mtu anayekuja kusema atamchukua kijana wa miaka 15 akaishi Nairobi au ng'ambo, analipwa na mzazi kwanza, huyo ni dalali wa hasara. Vijana wengi wa Afrika wametelekezwa miji ya mbali kwa njia hiyo.

Wakala halali ana leseni ya FIFA inayopatikana kwa mtihani, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2023, na hawezi kumkaribia mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi. Kelvin John, aliyeng'ara na Serengeti Boys, alisubiri. Alisoma Uingereza katika shule yenye mafunzo ya mpira, na Genk ilimsajili mwaka 2021 alipotimiza miaka 18.

Mwili ndio ghala la mtaji

Sasa tufike kwenye kiini. Wafugaji wa Tarime na Serengeti wanajua kwamba ndama hafungwi jembe. Mtoto wa mpira ni hivyo hivyo. Mifupa ya mtoto hukua kwenye sehemu laini karibu na viungo, na sehemu hizo hushindwa kuhimili mzigo wa kila siku. Maumivu chini kidogo ya goti au nyuma ya kisigino kwa mtoto wa miaka 9 hadi 15 mara nyingi hutokana na hilo. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza mazoezi. Kumchoma sindano ya maumivu ili acheze fainali ya ndondo ni kula mbegu.

Madaktari wa watoto wanashauri saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka. Mwenye miaka 10 asizidi saa 10. Apate angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, na kwa mwaka miezi miwili au mitatu ya kupumzika mchezo huo. Acheze na michezo mingine pia: riadha, mpira wa wavu, kuogelea penye maji salama. Kuchagua mchezo mmoja pekee kunaweza kusubiri hadi miaka 15 au 16.

Kupasha mwili moto kunaokoa fedha. FIFA ina mpango wa mazoezi ya kujikinga kwa watoto, wa kukimbia, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja na kujifunza kuanguka. Hauhitaji chombo zaidi ya mpira. Utafiti uliofanyika katika nchi nne za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto waliofanya mazoezi hayo waliumia kwa karibu nusu ya wenzao.

Aliyegongwa kichwani akayumba, kusahau au kutapika atoke uwanjani, apelekwe zahanati, na asirudi siku hiyo hata akililia. Marekani mwaka 2015 ilizuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa. Kocha wa kijiji hapotezi kitu akifanya vivyo hivyo.

Chakula hakihitaji makopo ya madukani. Ugali wa mtama au mahindi, maharage, dagaa wa Ziwa Victoria, maziwa, yai, mboga za majani na ndizi vinatosha. Tatizo ni kwamba watoto wengi huja mazoezini saa kumi jioni bila kula tangu asubuhi. Uji wenye maziwa kabla ya mazoezi una thamani kuliko jezi mpya. Maji ya kunywa yawepo. Kumnyima mtoto maji ili "akomae" ni ujinga wa zamani.

Kanda hii ina malaria, kichocho na minyoo. Mtoto anayechoka mapema huenda si mvivu, huenda damu ni chache. Mwenye homa apimwe kabla ya kucheza, dawa za kichocho na minyoo zinapotolewa shuleni asikose, na wasioge maji yaliyotuama baada ya mazoezi.

Kuna jambo la Nyamongo peke yake. Kijana asiye na pa kwenda huvutwa na mawe ya dhahabu, na wapo waliopoteza maisha kwa kuingia mgodini bila ruhusa. Wengine, wakiwa watoto, hushika zebaki kwa mikono wakati wa kukamata dhahabu, au hukaa kwenye moshi wake inapochomwa. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu na figo, na mtoto huumia zaidi ya mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Klabu inayomkuta mchezaji wake kwenye shimo asubuhi na uwanjani jioni haina mchezaji. Ina mgonjwa ajaye.

Wasichana wasiachwe nje

Anayetafuta soko ambalo halijajaa atazame timu za wasichana. Serengeti Girls, mwaka 2022 nchini India, walikuwa timu ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Waliifunga Ufaransa mabao 2-1 na kufika robo fainali. Katika Tarime, ambako ukeketaji bado unawasumbua mabinti ingawa sheria ya 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18, timu yenye mwalimu wa kike, saa zinazojulikana na wazazi wanaohudhuria ni kinga pia. Kwa timu zote, za wavulana na za wasichana, mtu mzima asilale chumba kimoja na watoto kambini, na kiboko kisiwe chombo cha mafunzo.

Hesabu ya hasara

Mfanyabiashara makini huuliza kwanza anaweza kupoteza nini. Ukweli ni kwamba katika watoto mia wa kituo cha kijiji, huenda asipatikane hata mmoja wa kuuzwa nje. Ndiyo maana shule isiachwe. Alliance ya Mwanza iliweka darasa na uwanja pamoja, na timu yake ikapanda hadi Ligi Kuu mwaka 2018. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA nayo humwonyesha mtoto kwa skauti bila kumtoa shuleni. Aliyekosa mpira akabaki na cheti atakuwa fundi, mwalimu au mteja wako.

Mkoa wa Mara una somo lake jingine. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Mwaka 2021, katika Kombe la Shirikisho Afrika, iliifunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 jijini Dar es Salaam, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano na ikatolewa. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Uwezo wa uwanjani ulikuwepo. Kilichokwama ni safari. Klabu ya kijiji ijifunze: akiba ya safari na nyaraka huwekwa kabla ya mechi.

Mwenye mtaji mdogo apange hivi. Kwanza usajili wa klabu, daftari na akaunti ya benki. Pili mafunzo ya kocha na sanduku la huduma ya kwanza. Tatu uji, maji na mipira. Nne ada na madaftari ya shule kwa wasiojiweza. Jezi na kombe viwe mwisho. Wafanyabiashara kumi wakichangia kwa mwezi, mzigo haumwelemei mmoja. Aidha halmashauri na mgodi huwa na mpango wa kila mwaka wa fedha za huduma kwa jamii. Klabu iliyosajiliwa inaweza kupeleka ombi kupitia serikali ya kijiji, isiyosajiliwa haiwezi.

Na kibanda umiza chenye mashine ya kubeti kisiruhusu watoto. Sheria inataka miaka 18, na mtoto anayejifunza kuuwekea dau mchezo huacha kuupenda kwa ajili ya kuucheza.

Faida ya haraka katika biashara hii ni ile ya siku ya mechi: soda, karanga na nauli. Hiyo ichukueni sasa. Faida ya kijana inahitaji miaka kumi, tarehe ya kweli ya kuzaliwa na magoti mazima. Ligi za wilaya zinapokaribia kuanza, klabu ambazo bado hazijafika ofisi ya michezo Tarime ziende na vyeti vya kuzaliwa mkononi.